Tembe Lesoni

Kitabu changu kipana,
safu zake zabanana,
kila safu ina jina,
na ya mwisho: "Amepewa."

Nilipita Matondoni,
Faza na Kizingitini,
sanduku langu begani,
limejaa tele dawa.

Matende ni gonjwa zito:
mbu humng'ata mtoto,
mguu huwa ni mto,
ukubwani hulipiwa.

Hodi hodi, nikaketi,
nikawapima kwa mti,
idadi nikadhibiti,
tiki, tiki: "Amepewa."

Tisini kwa mia moja!
Wageni wote wakaja,
tukala keki pamoja,
na mimi nikasifiwa.

Mwezi wa tatu kafika
Bi. Dama, hana haraka,
Malindi alikotoka;
somo jipya tukapewa.

Tathmini ni neno kali,
nikaogopa suali
kama mtu kala mali
anangoja kushtakiwa.

Feni inalia, joto,
wenzangu kama watoto
wachora moyo na moto
vitabuni walopewa.

Shekuwe akanong'ona:
"Wanataka kutuona
makosa, wapate jina;
kesho sisi twatolewa."

Dama kashika kitabu,
kasoma bila ghadhabu:
"Naomba moja jawabu,
zilimezwa hizi dawa?"

Nikajibu, sina doa:
"Tembe zote tumetoa,
chupa tupu tumezoa!"
Akaitikia: "Sawa.

Toka chupa hadi tumbo
mna mito, mna ng'ambo,
mna watu, mna mambo,
nawe waishia 'pewa.'"

Nyumba hatukuchagua:
kofiani tukatoa
namba, hakuna kujua
nani atatembelewa.

Usiku, saa ya tano,
damuni ni mkutano
wa minyoo; na sindano
kidoleni ikatiwa.

Mwana kalala jamvini,
tone dogo kiooni,
hadubini, chini, chini,
minyoo: hai na sawa.

Jina lake kitabuni
lina tiki ubavuni,
wino wangu wa kijani:
Mwanamize. Amepewa.

Tukarudi kwa mamake,
tukakaa kando yake.
Dama: "Kalamu iweke,
sikiza kwanza, elewa."

"Mwaingia na viatu,
tumefunga sisi watu,
'Shika hizi, tatu tatu,'
mbio kama mwangojewa!

Na mwana yuko chuoni,
zake nafunga lesoni,
leso ikenda majini,
zikawa uji wa dawa."

Sikumpima kwa mti;
mama kaonyesha kiti:
"Kimo chake hiki." Ati
nikatiki "Amepewa."

Njiani nikanyamaza.
Dama hakuniumiza,
ila aliniuliza:
"Wangapi hivi 'wapewa'?"

Famau, mchonga mawe,
hataki kichwa kilewe,
tembe kamwachia mwewe,
juu ya paa zikawa.

Nyumba moja, mama Lali
kazimeza zote, kweli,
za watu sita, kamili;
siku mbili kazidiwa.

Tisini ikaanguka,
arubaini kafika.
Mkuu akahamaka:
"Nani hii kaitowa?"

Nikasema: "Ndiyo mimi.
Kitabu kina ulimi
mmoja, na hausemi
tembe lesoni kutiwa."

Usiku, rula na taa,
safu mpya nikazaa,
kurasa mia, kwa saa,
jirani ya "Amepewa."

Kichwa chake: "Amemeza
mbele yangu." Nikakaza,
kalamu ikateleza,
na doa likaachiwa.

Sasa twaja na birika,
futari ikishalika,
viatu nje twaviweka,
twangoja mpaka dawa

ipite koo la mtu.
Siku moja nyumba tatu,
polepole kama chatu.
Keki hatujaletewa.

Mwanamize akakunja
uso: chungu! Akaonja
kinywa wazi: ni kiwanja
kitupu; haimo dawa.

Nikatiki. Dama, kando,
kasema: "Huo ni mwendo
nusu. Chungua na pindo
la leso. Ndipo ni 'sawa.'"